Gunia au sado? Chakula cha kununua kwa wingi na cha kupima kidogo kidogo, Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Kuanzia Juni hadi Agosti, mahindi mapya yanaposhushwa Mbeya, Makambako na Iringa, kila anayeishi mjini kwa mshahara au kwa biashara hujiuliza jambo moja: nitoe hela nyingi sasa nichukue gunia, au niendelee kupima? Wengi wetu hujibu kwa mazoea. Mwenye uwezo huchukua gunia la kila kitu, na asiye nao hupima kila kitu. Wote wawili huumia, kwa sababu vyakula havifanani. Kuna chakula ambacho ukikipima kila siku unamlipa mwenye duka kwa kazi ambayo ungeifanya mwenyewe mara moja tu kwa mwaka. Na kuna kingine ambacho ukinunua gunia, nusu yake itaishia kwa wadudu, kwa wageni au kwenye shimo la taka.

Msimamo wangu ni huu. Kilicho bado punje, kikavu, na kiko sokoni wakati wa mavuno yake, nunua kwa wingi kadiri mfuko wako unavyoruhusu. Kilichosagwa, kilichokamuliwa au chenye maji mengi ndani yake, nunua cha muda mfupi hata kama gunia linaonekana rahisi. Ukubwa wa mfuko peke yake haupunguzi bei ya chakula. Kinachopunguza zaidi ni mwezi ulionunua na hali ya chakula chenyewe siku ulipokiingiza ndani.

Ushauri mwingi wa namna hii unaosomwa mtandaoni umetoka Marekani, kwenye maduka ya ghala kama Costco na Sam's Club, ambako mteja hulipa ada ya uanachama kila mwaka, hupakia gari lake na kwenda kujaza friza. Kwetu hakuna ada ya mlangoni. Ada yetu iko kwingine: bajaji, vijana wa kupakia, mfuko wa kuhifadhia, hela ya mashine, na kilo zinazoliwa na dumuzi. Hizo ndizo za kuingiza kwenye hesabu kabla hujasema umeokoa.

Kwanza kilo, halafu bei

Huwezi kulinganisha gunia na sado kama hujui kila kimoja kina kilo ngapi. Sado ni kopo la rangi la lita nne. Likijazwa maharage hadi usawa wa mdomo hutoa kilo tatu na kitu, likirundikwa kileleni huongezeka, na likiwa limebonyezwa kitako hupungua bila wewe kuona. Sado ya vitunguu vikubwa ina hewa nyingi kuliko sado ya vitunguu vidogo. Debe ni lita ishirini, na gunia la mahindi kwa desturi huhesabiwa debe sita, ambazo hukaribia kilo mia. Neno "hukaribia" hapo linaweza kuwa kilo nane pungufu, na kilo nane ni unga wa wiki nzima kwa nyumba nyingi.

Kwenye viazi na vitunguu kuna lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu. Sheria ya vipimo imeweka kikomo cha kilo 100 kwa gunia la mazao, na Wakala wa Vipimo umekuwa ukipigana na lumbesa kwa miaka mingi. Mlaji wa mjini hudhani lumbesa ni faida yake kwa kuwa amepata kilemba bure. Kwanza anayeumia ni mkulima wa Uporoto au wa Njombe. Pili, mlaji mwenyewe hajui amenunua kilo ngapi, kwa hiyo hawezi kujua kama kilo imemgharimu chini ya ile ya gengeni. Mzani mdogo wa kuning'iniza ni kifaa cha kwanza cha kununua kabla ya gunia lolote. Ukiutumia msimu mmoja, hela yake imerudi.

Mahindi: gunia la Julai, au unga wa dukani?

Hapa ndipo penye hela nyingi kuliko vyakula vingine vyote, na hapa nitakaa.

Chukua namba za mfano, kisha weka za soko lako. Tuseme Julai gunia la kilo 100 ni Sh 70,000, na sembe dukani ni Sh 1,400 kwa kilo. Ongeza bajaji Sh 3,000, mfuko wa kuhifadhia Sh 5,000, kukoboa na kusaga Sh 10,000. Jumla ni Sh 88,000. Mahindi yakikobolewa hupoteza sehemu kubwa kwenye pumba. Tuseme umebaki na kilo 75 za sembe. Kilo moja imekugharimu Sh 1,173. Umeokoa Sh 227 kwa kilo, na pumba bado ni zako: kama una kuku umewalisha, kama huna jirani atanunua.

Sasa usikoboe. Saga dona. Hela ya mashine inashuka, tuseme Sh 6,000, na kilo mia zinatoa kama kilo 97 za unga. Jumla Sh 84,000, kilo moja ni kama Sh 866. Tofauti kati ya dona na sembe kutoka gunia lilelile ni kubwa kuliko tofauti kati ya gunia na duka. Yaani nyumba inayokula dona inaokoa hela nyingi zaidi kwa gunia moja, na watoto wanapata kiini na ganda lenye nyuzi, protini na vitamini ambavyo kinu cha kukoboa kinavipeleka kwenye pumba. Najua nyumba nyingi haziwezi kuacha sembe mara moja. Changanya basi, nusu kwa nusu, uzoeshe midomo.

Jaribu tena hesabu hiyo kwa Februari. Mahindi yamepanda, tuseme gunia ni Sh 110,000 na sembe ya dukani imefika Sh 1,800. Ongeza gharama zilezile, jumla Sh 128,000, gawa kwa kilo 75: kilo ni Sh 1,707. Umeokoa Sh 93 tu, na umefunga laki na ushee. Lakini aliyenunua Julai bado anakula sembe ya Sh 1,173 wakati duka linauza Sh 1,800. Kwa hiyo mtu akikuambia "gunia ni nafuu", muulize la mwezi gani. Gunia la Januari au Februari silipendekezi kwa nyumba ya kawaida. Kama Julai ilikupita, pima hadi mavuno mengine, na anza kuweka akiba ya gunia la mwaka ujao sasa hivi.

Ununue mangapi? Pima unga mnaotumia kwa wiki mbili za kawaida, zisizo na msiba wala likizo ya shule, kisha zidisha hadi Mei. Usikisie. Nyumba yenye chakula kingi ndani hupika zaidi ya nyumba inayopima, na hilo halina dawa isipokuwa kopo la kupimia jikoni na mama mwenye nyumba mmoja mwenye kauli.

Kuhusu hali ya mahindi yenyewe, usinunue mabichi. Wafanyabiashara wengine huwahi soko Juni mahindi yakiwa hayajakauka vizuri, na Mbeya wakati huo kuna baridi. Jua linawaka lakini halikaushi haraka. Mahindi ya kuweka yanatakiwa yasizidi unyevu wa asilimia 13 hivi. Huna kipimo? Chukua chupa kavu, tia chumvi kavu vijiko viwili au vitatu na mahindi hadi robo ya chupa, funga, tikisa dakika chache, acha ikae dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi ni mabichi. Ikibaki inamwagika chini, yanafaa kuwekwa.

Sijali wewe ni mtaalamu kiasi gani wa kuangalia kwa macho, fanya jaribio hilo. Mahindi yenye unyevu huota ukungu, na baadhi ya ukungu huo hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumu hiyo. Haiondoki kwa kupika ugali ukaiva sana, na ukimpa ng'ombe wa maziwa mahindi yaliyooza, sumu hupita kwenye maziwa. Punje zenye rangi ya kijani, nyeusi au zilizokunjamana zichambuliwe na kutupwa kabisa.

Halafu wadudu. Dumuzi, wengine humwita Scania, aliingia nchini kupitia Tabora kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, akasambaa hadi huku. Anageuza gunia kuwa vumbi. Kwa mtu wa mjini mwenye magunia mawili au matatu, naona mfuko wa PICS unashinda dawa ya unga. Una tabaka mbili za plastiki ndani na kiroba cha nje. Ukijaza mahindi makavu, ukakamua hewa na kufunga kila tabaka peke yake, wadudu waliomo humaliza oksijeni na kufa. Hakuna dawa juu ya chakula. Masharti yake ni matatu ya kushika kweli: mahindi makavu, usifungue fungue, na panya wasiufikie. Kwa hiyo weka gunia la kutumia kando, na hayo mengine usiyaguse mpaka zamu yake ifike. Yapange juu ya chaga, mbali na ukuta.

Vidonge vya kufukizia ghala usiviingize kwenye nyumba mnamolala. Gesi yake inaua watu pia, na chumba cha kupanga chenye dirisha moja ndiyo mahali pabaya kuliko pote pa kuitumia. Hapa sina maelewano na mtu.

Unga wenyewe usagwe kidogo kidogo. Dona ina mafuta ya kiini, na baada ya wiki chache huanza harufu na uchungu, hata kwenye baridi ya Mbeya. Debe moja mashineni kwa safari moja linatosha nyumba ya watu watano au sita kwa muda wa kuridhisha. Vivyo hivyo unga wa lishe wa watoto: kilo mbili zilizosagwa jana ni bora kuliko kiroba kilichosagwa mwezi juzi.

Mji wako unabadilisha jibu

Watu husema Nyanda za Juu Kusini kana kwamba ni hali ya hewa moja. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa iko chini kidogo na ni kavu zaidi, Njombe ina baridi kuliko zote mbili. Wadudu wa nafaka huzaliana polepole kwenye baridi, na huo ni msaada wa bure tulionao. Lakini ukishuka Tukuyu, mvua za Rungwe hazijui kupumzika na nyumba ina unyevu karibu mwaka mzima. Gunia la kawaida lisilofungwa vizuri litapata ukungu hata kama lilifika kavu. Ukiendelea kushuka hadi Kyela, karibu na ziwa, kuna joto na unyevu pamoja, na wadudu hukua upesi. Kama ndugu yako wa Iringa anaweka gunia la salfeti ukutani na linafika Februari salama, usimuige ukiwa Kyela. Huko ni mfuko usiopitisha hewa au ni kupima.

Maharage: usinunue mengi kama unavyodhani

Maharage yanaonekana kama mahindi, ni punje kavu, kwa hiyo mtu anachukua gunia zima. Mimi nasema debe moja au mawili kwa wakati, ya miezi miwili hadi mitatu, na ujaze tena kwenye mavuno mengine. Maeneo mengi ya huku huvuna maharage zaidi ya mara moja kwa mwaka, hivyo soko halikauki kama la mahindi.

Sababu kubwa ni mkaa. Maharage yakikaa muda mrefu, hasa kwenye joto na unyevu, ganda na ndani yake hugeuka na kuwa magumu kuiva. Hili ni baya zaidi kwetu kwa sababu ya mwinuko: Mbeya maji huchemka kwenye nyuzi joto 94 hivi, si 100 kama Dar es Salaam, na kila chakula cha kuchemsha huchukua muda zaidi. Ukichanganya maharage ya mwaka jana na maji yanayochemka mapema, unapata sufuria inayokaa jikoni tangu asubuhi hadi jua lizame. Akiba ya bei ya gunia imekwenda kwenye mkaa au kwenye mtungi wa gesi. Kuloweka usiku kucha hupunguza tatizo, na presha kuka hupunguza zaidi, lakini maharage mapya hayahitaji ugomvi wote huo.

Kwa hiyo kwenye maharage usilinganishe bei ya sado peke yake. Linganisha bei ya sado pamoja na moto wa kuivisha. Maharage mapya ya bei ya juu kidogo mara nyingi ndiyo rahisi.

Muulize muuzaji kwa heshima na umtazame anapojibu. "Shikamoo mama, haya ni ya msimu huu?" "Marahaba mwanangu, haya yametoka shamba juzi." Sawa, sasa ingiza mkono hadi katikati ya gunia. Maharage mapya yana rangi iliyo hai na ganda linang'aa. Ya zamani yamefifia au yamekuwa na weusi. Kagua vitundu vya duara na alama nyeupe za mayai. Mdudu wa maharage huanzia shambani, anaingia nawe nyumbani akiwa ndani ya punje, na baada ya wiki kadhaa unamwona anaruka ukutani. Kama umenunua zaidi ya debe, yaweke kwenye mfuko wa PICS au dumu linalojaa hadi mdomoni na kufungwa kabisa.

Aina ni suala la nyumba yako. Kablanketi ina mchuzi mzito na inapendwa sana huku, bei yake iko juu. Njano huiva upesi na inawafaa wenye kupika kwa gesi. Mchanganyiko, ule wa rangi zote, huwa rahisi, ila punje haziivi kwa wakati mmoja, na kwangu hilo linaufanya ghali.

Mchele: Kyela, Usangu, na swali la mpunga

Hapa chaguo ni tatu: mchele wa kupima, kiroba au gunia la mchele, au gunia la mpunga. Watu wengi wa mjini hawalifikirii hilo la tatu kabisa, nami naliona ndilo bora kwa mwenye nafasi.

Mpunga ukiwa na ganda lake hukaa muda mrefu kuliko mchele. Ganda humzuia fukusi, na harufu ya mchele haipotei haraka. Ukinunua mpunga mkavu wakati wa mavuno, ukakoboa debe baada ya debe, unakula mchele unaonukia hata miezi ya mwanzo wa mwaka. Kilo mia za mpunga hutoa kama kilo 65 za mchele mzima na chenga, kutegemea mashine na ukavu wa mpunga, kwa hiyo gawa kwa 65 unapolinganisha na bei ya dukani. Chenga zisikupite, ni uji na vitumbua.

Asiye na nafasi achukue kiroba cha mchele cha kilo 25, basi. Gunia la mchele uliokwisha kukobolewa kwa familia ndogo silioni faida yake: miezi inapita, fukusi wanaingia, unaanza kupepeta kila siku.

Kuhusu asili, mchele wa Kyela una jina na harufu, na kwa sababu ya jina hilo kila mchele wenye harufu kidogo huitwa Kyela ukifika sokoni. Wa Usangu, unaotoka Mbarali kwenye mashamba ya Ubaruku, Kapunga na Madibira, ni mchele mzuri wa kila siku na mara nyingi unauzwa chini. Kwa shughuli na wageni nunua Kyela kidogo, kutoka kwa mtu unayemwamini. Kwa wingi nunua Usangu. Na kumbuka kwamba mchele wa mavuno mapya hubondeka, unataka maji machache. Uliokaa miezi kadhaa hujaa sufuriani na kuchambuka. Ndiyo maana mama lishe wazoefu hupenda wa zamani hata ukiwa na bei. Kwenye mchele, tofauti na maharage, umri ni faida.

Viazi, vitunguu na vya gengeni

Viazi mviringo ndivyo vinavyowadanganya watu wengi wa Mbeya. Gunia ni rahisi sana ukilinganisha na mafungu ya gengeni, hilo ni kweli. Lakini viazi ni maji, na huku tuna viazi karibu mwaka mzima, kutoka Uporoto, Rungwe, Njombe, Kitulo. Kitu kinachopatikana kila wiki kwa bei isiyoruka sana hakina sababu ya kujazwa ndani. Nunua ndoo, si gunia, isipokuwa unauza chipsi au mna shughuli.

Ukinunua zaidi, weka gizani, penye baridi na hewa. Mwanga huvifanya kuwa vya kijani, na ukijani ni dalili ya solanini, sumu ambayo kupika hakuiondoi. Usivipange na vitunguu chumba kimoja, maana unyevu wa kimoja unaharibu kingine. Viazi vyenye majeraha ya jembe vitumike kwanza au viachwe sokoni.

Vitunguu maji ni kinyume chake. Hivi vina misimu inayoruka kweli. Anayesafiri barabara kuu akipita Ruaha Mbuyuni au Ilula msimu wa vitunguu anaona nyavu zimepangwa kando ya lami, na bei ya hapo haifanani na ya fungu la mtaani miezi ya uhaba. Wavu mmoja wa vitunguu vilivyokaushwa vizuri, shingo zake nyembamba na ganda linachakarika, ukining'inizwa penye upepo, hukaa miezi. Vyenye shingo nene na mbichi, hata vikiwa vizuri machoni, vitaoza katikati ya wavu na kuambukiza vingine. Kwa vitunguu naunga mkono kununua kwa wingi, kwa masharti ya kuchagua kimoja kimoja.

Nyanya, hapana. Tenga la nyanya ni la mwenye mgahawa. Parachichi na ndizi za Tukuyu ni za kupangwa kwa siku: mkungu mzima huiva pamoja, kwa hiyo mgawane na majirani au nunueni chane. Ndizi mbichi za kupika zinavumilia kidogo, ila si sana.

Mayai yananunuliwa kwa trei. Tofauti ya bei kati ya trei na yai moja moja ni ya kweli, na kwenye baridi yetu mayai yasiyooshwa hukaa wiki kadhaa bila friji.

Sukari, mafuta, chumvi

Sukari haiharibiki, kwa hiyo inavutia. Lakini tofauti ya bei ya kilo kati ya mfuko wa kilo 50 na rejareja ni ndogo, kwa kuwa bidhaa hii ina faida nyembamba kwa kila muuzaji. Faida ya kuweka sukari iko kwenye kalenda: viwanda husimama kipindi cha masika, na kama uagizaji ukichelewa, sukari huadimika, kama ilivyotokea mwanzoni mwa 2024. Kilo kumi zilizonunuliwa kabla ya masika na kabla ya Ramadhani zinatosha kukuvusha. Mfuko mzima uwe wa kugawana.

Mafuta ya kula ya kupima ndiyo ghali kuliko yote ukipiga hesabu ya lita, na yamekaa kwenye ndoo au chupa angavu juani, ambako mwanga huua vitamini A iliyoongezwa na kuyafanya yaanze kuchacha. Anayenunua robo lita kila siku kwa kukosa hela ya dumu analipa zaidi kuliko jirani yake mwenye nafuu, na hili linaniuma kila ninapolifikiria. Kama kuna chakula kimoja cha kuanza kukiwekea akiba, ni hiki: ruka kutoka kupima hadi dumu la lita tano. Dumu la lita 20 ni la mama lishe au la nyumba tatu. Familia ya kawaida ikilifungua itakaa nalo miezi, na alizeti iliyokwisha funguliwa haipendi kusubiri. Hakikisha lakiri ya kifuniko haijaguswa, na weka kabatini.

Chumvi, pakiti ndogo. Mfuko mkubwa ni rahisi mno, lakini nyanda zetu zilijulikana zamani kwa ugonjwa wa rovu kwa sababu udongo una madini joto machache, na chumvi yenye madini joto ndiyo iliyosaidia kuupunguza. Chumvi iliyoachwa wazi kwenye mfuko wenye unyevu hupoteza madini hayo. Akiba ya shilingi mia chache haistahili. Majani ya chai ya Rungwe au Mufindi, kinyume chake, yakifungwa vizuri hukaa mwaka. Chukua pakiti kubwa bila hofu.

Dagaa wakavu, wawe usipa wa Ziwa Nyasa kutoka Matema na Kyela au wa Mwanza, nunua wa mwezi mmoja. Mafuta yao huchacha, na wakivuta unyevu huota ukungu. Linganisha baada ya kuwachambua: sado yenye mchanga na vichwa vilivyovunjika si sado.

Hela inatoka wapi

Usikope kwa simu ili ununue gunia. Ada ya mkopo wa siku thelathini ikiongezwa kwenye bei ya gunia, ile akiba ya Sh 227 kwa kilo inapungua au inaisha kabisa, na ukichelewa kurejesha unakula mahindi ghali kuliko ya dukani.

Njia ninayoiamini ni kikoba cha chakula. Vikoba vingi huvunjwa Desemba, wakati mahindi yameshaanza kupanda na hela inaishia kwenye sikukuu na ada za shule. Kikundi cha nyumba tano au sita kinachoweka kidogo kila wiki tangu Agosti na kuvunja Julai kinafika sokoni na hela taslimu wakati bei iko chini. Mnachukua magunia kumi kwa pamoja, mnapunguziwa bei, mnalipia usafiri mmoja. Kubalianeni mapema: nani anakwenda kukagua, jaribio la chumvi lifanyike kwa kila gunia na si kwa moja la mfano, na mzani uwe wenu. Gunia litakalofeli libaki palepale kwa muuzaji, hata kama gari limeshawashwa.

Wanaopanga chumba kimoja, na wanafunzi wanaokaa mtaani Iyunga au Uyole, wanaweza kufanya vivyo hivyo kwa kiwango chao: gunia moja la mahindi kwa watu wanne, dumu moja la mafuta, wavu mmoja wa vitunguu. Pimeni na kugawana siku hiyohiyo, mbele ya wote, kabla mtu hajaondoka na ndoo yake.